Siku Aliyompakata Mjukuu

Watu walimwita Mzee Rula, na jina hilo halikutokana na useremala peke yake. Ni kweli kwamba rula haikumtoka mfukoni na penseli haikumtoka sikioni, hata mezani kwake. Lakini waliompa jina ni watu wa kanisani, ambako alikuwa mwenyekiti wa baraza la wazee tangu siku ambazo nusu ya waumini walikuwa bado wanabebwa mgongoni. Yeye ndiye aliyejua nani akae wapi, nani asimame lini, nani amerudi kundini na nani bado yuko nje. Mchungaji mpya akihamia, kabla hajafungua mizigo, Mzee Rula alikuwa ameshafika kumweleza taratibu za mahali pale. Na mtu akimuuliza sababu ya utaratibu fulani, alikuwa na jibu moja.

"Ndivyo tulivyokuta."

Hakuwa mtu mbaya. Mlango alioutengeneza haukuwahi kukwaruza sakafu, na penye msiba alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Wanawe wawili wa kiume walikuwa mbali, kila mmoja na kazi yake na familia yake. Aliyebaki karibu ni binti, kitinda mimba, aliyefanana na mama mzazi wa Mzee Rula kwa kila kitu, hata mwanya wa meno ya mbele. Kwa sababu hiyo alizoea kumwita "Mama." Alipokuwa mdogo, Mama huyo alishinda karakanani akijifukia kwenye maranda, na jioni mkewe Mzee Rula alimchambua nywele akilalamika kwamba amezaa mtoto, si kuku wa kutagia kwenye maranda. Alipokua, akawa mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya na mwalimu wa watoto wa shule ya Jumapili.

Kisha akampenda fundi wa matairi.

Kijana huyo alikuwa na kibanda chake kando ya barabara, penye mashine ya kujaza upepo, na watu walimwita Upepo. Alikuwa mpole, asiyekunywa, mwenye mikono isiyotakata hata aisugue vipi. Kosa lake lilikuwa moja: aliwahi kuoa, mkewe akamwacha na kuolewa na mwingine. Mahakama ilishaivunja ndoa ile, lakini kanuni ya kanisa lao haikujua mahakama. Maadamu yule mke wa kwanza alikuwa hai, Upepo hakuwa na ruhusa ya kufunga ndoa nyingine madhabahuni.

"Mwanangu hawezi kuolewa na muuza upepo," Mzee Rula alisema, akidhani mzaha utalimaliza jambo.

Halikuisha. Wale wawili walifunga ndoa kwenye ofisi ya serikali, mashahidi wakiwa dereva mmoja wa lori na mwanamke msusi aliyekuwa jirani wa kile kibanda. Jumapili iliyofuata, mbele ya kanisa zima, mwenyekiti wa baraza alisimama na kusoma kwamba fulani binti fulani ametengwa na ushirika. Alisoma jina la mwanawe kwa sauti ileile aliyotumia kusoma majina ya wengine. Watu wengi walimsifu kwa hilo. "Mzee hana upendeleo," walisema. Mkewe, aliyekaa upande wa akina mama, alifungua kitabu cha nyimbo na kukiweka mbele ya uso, japo wimbo ulikuwa haujatajwa.

Tangu siku hiyo nyumbani kwao hapakutajwa binti. Mtoto wa kike alipozaliwa kule nyuma ya kibanda cha matairi, habari zilifika mezani zikiwa zimezungushwa: mkewe alisema tu, "Leo kuna watu wamepata baraka," akaendelea kumimina chai. Mzee Rula akasema, "Mungu asifiwe," akaendelea kunywa. Kwa kanuni, mtoto wa waliotengwa habatizwi mpaka wazazi warudi kundini, na hawa hawakuwa na njia ya kurudi isipokuwa kuachana.

Mkewe alianza kwenda sokoni mara nyingi kuliko mahitaji ya watu wawili. Aliondoka na kapu limefunikwa, akarudi na nyanya chache na harufu ya mafuta ya mtoto kwenye nguo. Mzee Rula aliisikia harufu ile. Hakuuliza. Aliona kutouliza kwake ni aina ya huruma, na pengine alijipongeza.

Mtoto alikuwa ameanza kusimama kwa kushika vitu alipopatwa na homa ya mapafu. Asubuhi mkewe Mzee Rula alikuja karakanani, mahali ambapo hakuwa na kawaida ya kufika, akasimama mlangoni na kapu tupu mkononi.

"Mtoto amelazwa."

"Mtoto gani?"

Mkewe alimtazama kwa muda kama mtu anayejaribu kumkumbuka. "Baba watoto, una mjukuu mmoja tu katika mji huu. Huyo."

"Nitamwombea," alisema.

"Kamwombee hospitalini."

Siku hiyo kulikuwa na kikao cha baraza. Alikwenda kwenye kikao. Walizungumzia paa la ukumbi, wakazungumzia kama wanakwaya waruhusiwe kuvaa viatu vya rangi, wakafunga kwa sala. Alfajiri mtoto alifariki.

Mzee Rula alikuwa anapiga randa ubao wa kabati alipoona mtu amesimama mlangoni. Alikuwa Upepo, amevaa shati safi juu ya suruali ya kazi. Mikono aliisugua mpaka ikawa myekundu, ila weusi wa mipira ulikuwa bado umeng'ang'ania kwenye kucha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nahitaji sanduku. La mtoto."

Mzee Rula aliweka randa chini. Alikuwa amekwisha kuambiwa na mkewe, na tangu aambiwe alikuwa akipiga ubao uleule mmoja, ambao sasa ulikuwa mwembamba kupita kiasi na haukufaa kwa kabati lolote. Lakini mdomo wake ulikimbilia mahali ulipozoea.

"Maseremala wako wengi," alisema.

"Wako wengi. Lakini mwanao amesema, kama ni sanduku la mtoto wetu, atengeneze baba. Mimi sikuja kwa mzee wa kanisa. Nimekuja kwa seremala."

Mzee Rula alivuta mbao za msonobari alizokuwa amezitunza kwa ajili ya kazi nzuri, akazilaza juu ya benchi, akatoa penseli sikioni. Ndipo alipogundua kwamba hajui aanzie wapi.

"Urefu wake?" aliuliza.

Upepo alinyoosha mikono mbele, akaitenganisha kiasi. "Hivi." Akaisogeza karibu kidogo. Akaitanua tena. "Nilikuwa nambeba kila siku, mzee. Lakini nikimfikiria sasa, namwona mkubwa."

"Tuliza mikono."

"Haitulii."

Mzee Rula alimshika kiganja kimoja kwa mkono wake wa kushoto, kikatulia kidogo, akapitisha rula hewani kati ya mikono ya mkwewe. Hivyo ndivyo alivyoujua urefu wa mjukuu wake. Aliiandika namba kwenye ubao, na penseli ikavunjika ncha.

Walifanya kazi pamoja bila kupanga. Upepo alishika ubao, mzee akakata. Msumeno ulipotulia, mzee aliuliza bila kuinua uso, "Alikuwa ameanza kusimama?"

"Kwa kushika ukuta. Na kwa kushika tairi. Akianguka alikuwa anacheka."

"Alikuwa anafanana na nani?"

"Mama mkwe anasema alikuwa anafanana na wewe. Ukiwa umekasirika."

Kicheko kilimponyoka mzee, kifupi, cha puani, na kikageuka njiani kikawa kitu kingine. Akashika nyundo na kuanza kupigilia, maana penye kelele mtu anaweza kupumua vibaya bila kusikika.

Sanduku lilipokamilika hakulipeleka moja kwa moja. Alimwacha Upepo akilipaka rangi nyeupe, akaenda kwa mchungaji na vumbi la mbao kichwani. Mchungaji alikuwa kijana bado, mwenye familia, na alimkaribisha kwa heshima kama siku zote.

"Nimekuja kuomba uzike mtoto," Mzee Rula alisema.

Mchungaji alijua ni mtoto gani. Aliinamisha kichwa. "Mzee, yule kijana mwendesha baiskeli aliyekufa kabla hajabatizwa, mama yake alipokuja kunililia, nilivaa joho nikatoka. Nani alinisimamisha mlangoni?"

"Mimi."

"Ulisema nini?"

Mzee Rula alijifuta vumbi la mbao kwenye paji la uso.

"Wewe ndiye uliyenifundisha, mzee wangu. Nikienda leo kwa sababu ni mjukuu wako, kesho nitamwangaliaje yule mama? Na baraza litanishtaki kwa askofu." Mchungaji alimshika bega, na machozi yalikuwa yanamlengalenga kweli. "Nitamwombea nikiwa hapa."

Nitamwombea. Mzee Rula aliyasikia maneno yake mwenyewe yakitoka kinywani mwa mtu mwingine, akaona jinsi yalivyo mepesi. Hakumkasirikia kijana yule. Aliaga, akarudi karakanani, akalichukua sanduku.

Lilikuwa jepesi kiasi cha kubebwa na mtu mmoja, na hilo ndilo lililomwelemea. Alilibeba kifuani barabara nzima, Upepo akitembea nyuma yake. Wenye maduka walisimama. Mwanamke mmoja wa kwaya, aliyezoea kumsalimia kwa kupiga goti, alisahau kumsalimia.

Chumba kilikuwa nyuma ya kibanda cha matairi: kitanda, meza, pazia la maua, na ukutani, chini kabisa, alama za vidole vidogo zilizokuwa nyeusi. Binti yake alikaa kitandani na mtoto mapajani, amefungwa shuka jeupe. Mkewe alikuwa sakafuni, ameegemea miguu ya binti. Msusi jirani alikuwa anapanga viti.

Binti aliinua macho. Alikuwa amekonda, na ule mwanya wa meno ulionekana aliposema, "Baba. Umekuja."

"Nimekuja, Mama."

Alikuwa hajamwita hivyo tangu alisome jina lake kanisani. Binti alifumba macho kidogo, kisha akasogea kumpisha mahali.

"Mpakate," alisema. "Hajawahi kupakatwa na babu yake."

Hakulisema kwa kumchoma. Ingekuwa afadhali angelisema kwa kumchoma. Mzee Rula alikaa, akapokea, na mikono yake iliyozoea mbao haikujua namna ya kushika kitu kile, ikabidi mkewe, bila kumtazama, ainuke amsogeze kiwiko kama anavyoonyeshwa mwanamume aliyepata mtoto wa kwanza. Alifunua shuka usoni. Ni kweli, paji la uso lilikuwa limekunjamana kidogo. Alilipapasa kwa kidole gumba ili likunjuke. Halikukunjuka.

Makaburi ya kanisa yalikuwa ya waliobatizwa tu, kwa hiyo walikwenda makaburi ya mji, sehemu ya mwisho karibu na ukuta. Walikuwa watu wachache: mafundi wa barabarani, msusi na wenzake kadhaa, yule dereva wa lori. Kengele haikupigwa. Sanduku liliposhushwa, wote walisimama wakingojana, kisha binti akasema, "Baba, tuombee."

Maneno ya mazishi alikuwa anayajua kwa moyo. Aliyasikia juu ya makaburi mengi kuliko mtu yeyote katika mji ule. Alivua kofia, akaanza: "Ee Mungu, twakukabidhi mtumwa wako huyu, aliyezaliwa mara ya pili kwa maji ya..."

Hapo akakwama. Sala haikuwa na mlango wa kumwingiza mtoto yule. Alijaribu kuruka neno, akakuta linalofuata limelishikilia lililotangulia. Alitafuta sala nyingine, na katika miaka yote ya kusali hakukuta hata sentensi moja iliyokuwa yake. Alisimama na kofia mkononi, mdomo wazi, mbele ya fundi matairi na wasusi.

Binti yake alimshika mkono. Akaomba yeye, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza na aliye karibu.

"Yesu, wewe hukuwahi kumfukuza mtoto. Huyu amekuja kwako mapema kuliko tulivyotaka, na mimi sielewi, na nimekukasirikia tangu alfajiri, unajua. Lakini sina pengine pa kumpeleka. Mpokee. Mpokee na baba yangu, ametoka mbali sana leo."

Mzee Rula alilia kwa sauti, bila adabu, akayumba mpaka Upepo akamshika kiunoni.

Siku zilizofuata alikwenda kule nyuma ya kibanda kila jioni baada ya kazi. Siku moja alimuuliza binti, "Nani alikufundisha kuomba vile? Mimi sikukufundisha."

"Msusi," alijibu. "Uliposoma jina langu kanisani, Baba, nilimchukia Mungu, kwa sababu nilidhani mnafanana. Halafu msusi akanikaribisha. Jumapili mchana wanafunga saluni, wanasoma Injili, wanaomba. Sikukuta utaratibu wowote pale. Nilimkuta Yesu. Nilikuwa nimeimba habari zake miaka yote, na sikuwa nimewahi kusema naye." Alifuta macho kwa upande wa kiganja. "Sijui ningeishije wiki hii kama ningekuwa na utaratibu peke yake."

Baraza lilimwita. Aliyeongea ni katibu, muuza vitambaa, rafiki yake tangu ujana. Alieleza kwamba mwenyekiti ameshiriki mazishi ya asiyebatizwa, tena akasali hadharani bila mamlaka. Hata hivyo wote wanajua uchungu wa mzazi, basi akae benchi la nyuma kwa Jumapili chache, afanye toba, arudi kwenye kiti chake.

"Nina toba ya kufanya," Mzee Rula alisema, "lakini si hiyo mnayoitaka. Naomba jambo moja. Tuifute kanuni hii. Tuanze na yule mama wa mwendesha baiskeli, twende tukamwombe radhi, mimi nikiwa mbele."

Katibu aliangalia mikono yake. "Rafiki yangu, unajua haiwezekani. Ndivyo tulivyokuta."

Mzee Rula alitikisa kichwa taratibu, akasimama, akawaaga mmoja mmoja kwa kuwashika mkono. Kwa yule mama alikwenda peke yake. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama mlangoni, akasema, "Nimekusikia," akafunga mlango. Jumapili iliyofuata katibu alisimama na kusoma jina la aliyekuwa mwenyekiti.

Mchana wa Jumapili hiyo Mzee Rula alipiga hodi saluni. Walimpa kiti chini ya mashine ya kukaushia nywele, kikiwa ndicho pekee kilichokuwa wazi, naye akakaa wima na kofia magotini huku kopo la plastiki la mashine hiyo likining'inia juu ya kichwa chake. Hakuna aliyecheka, ingawa mmoja aliuma mdomo. Alikwenda Jumapili kadhaa bila kusema neno. Walisoma, waliomba, waliulizana habari za wagonjwa. Kisha siku moja msusi akamwambia, "Baba, leo ukiwa tayari."

Alisimama. Bomba lilikuwa likidondosha maji kwenye sinki.

"Bwana," alisema, "mimi ni seremala."

"Basi mtaelewana," msusi alinong'ona, na watu wakatabasamu, naye akapata nguvu.

"Nilidhani nakulindia nyumba yako. Nimekaa mlangoni kwako miaka mingi nikizuia watu, na mwenyewe sikuwahi kuingia. Mjukuu wangu alipita mbele yangu sikumwona. Sina cha kukuletea. Niingize tu, kama unaweza kumwingiza mtu kama mimi. Amina."

Alipokaa, ndani yake mlikuwa na utulivu ambao hakuwahi kuupata kwenye kiti chochote cha mbele. Ulikuwa utulivu wa kweli, na haukumwondolea huzuni hata chembe. Alishangaa kwamba vitu hivi viwili vinaweza kukaa katika moyo mmoja bila kusukumana.

Jioni ile alimkuta mkewe jikoni. Mkewe alikuwa haendi tena kanisani wala haendi saluni. Jumapili alishinda nyumbani akipanga vyombo vilivyokwisha kupangwa.

"Mke wangu," alisema, "nimempa Yesu maisha yangu. Kweli safari hii. Mungu amenisamehe. Na mwanetu amenisamehe."

"Nimesikia," alisema mkewe. "Mimi bado."

Mzee Rula alivua kofia, akabaki pale mlangoni.

"Usinielewe vibaya," mkewe aliendelea, akikausha sahani. "Nafurahi. Hata sauti yako imebadilika, naisikia. Lakini Mungu hakuwa anaficha nguo za mtoto chini ya kapu la nyanya ili mume asizione. Aliyekuwa anaficha ni mimi. Siku alipoota jino la kwanza nilikuja mbio mpaka getini, nikakumbuka siwezi kukwambia, nikasimama pale mpaka furaha ikanitoka. Hiyo nitaisameheje kwa siku moja? Mimi si Mungu. Mimi nachelewa."

"Chelewa," alisema. "Mimi nipo."

Hakulitaja tena jambo hilo. Binti hakupata mtoto mwingine. Daktari alisema hakuna sababu, lakini hakupata. Upepo na mkwewe wakawa marafiki wa kweli, wa kutaniana na kukopeshana vyombo vya kazi. Katika nyumba ya Mzee Rula maisha yaliendelea kimya, watu wawili na chai yao.

Halafu jioni moja, bila kuulizwa, mkewe alisema, "Alikuwa hapendi kofia. Ukimvalisha anaivua na kuitupa."

Mzee Rula aliweka kikombe chini polepole, akiogopa hata sauti ya kikombe. Alingoja. Mkewe hakuongeza neno, akachukua vyombo akatoka.

Imekuwa hivyo tangu siku hiyo. Wiki nyingine mkewe anampa kitu kimoja: kwamba mtoto alikuwa analala mkono umeshika sikio, kwamba akisikia mashine ya upepo ikiunguruma na yeye anaunguruma. Wiki nyingine hampi kitu. Mzee huyo anapokea kile anachopewa, na siku ambazo hakuna, anakaa naye hivyohivyo mpaka chai inapoa.